Mishale Miwili

3 Machi

Mwanangu Nyenyere,

Kile kifaa cha GPS ambacho niliwaambia kilipotea siku aliyofariki baba yako hakikupotea. Kiko kwangu. Kimekaa miaka sita ndani ya soksi, kwenye droo ya chini ya kabati langu, na hakuna anayejua ila mimi.

Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu kwa makusudi. Nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, kama nilivyofanya katika barua zote nilizokuandikia tangu uondoke.

Sasa, hujambo? Mikono inapona? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba mvuke wa ile pasi kubwa ya mashuka umekubabua hadi kiwiko. Paka mafuta, wala usijifanye jasiri. Ujasiri wa familia yetu umeshatuponza vya kutosha.

Mimi ni mzima wa kitandani. Moyo umechoka. Daktari aliangalia karatasi zake, akaniinamia sikioni, akaniambia kwa upole, "Mzee, tutakwenda siku kwa siku." Nimepima ardhi maisha yangu yote, namjua mtu anaposoma kipimo kisha akakificha. Masikio nayo yamefunga duka, kwa hiyo simu haina faida kwangu. Mtu akinipigia, mkwe wangu ndiye anayeongea, mimi natikisa kichwa. Ananihudumia vizuri ila mdomo wake hauna breki. Sasa hivi amepita mlangoni akapaza sauti, "Baba, hiyo kalamu itakuua kabla ya moyo."

Mama yako alikuja kunijulia hali. Amekonda, lakini anatembea wima kama zamani. Nilipokutaja aliuliza kama chai yangu haijapoa.

Nilikuwa nimepanga kukueleza yote leo. Mkono umegoma. Nijibu, mwanangu. Usiponijibu nitaandika tu.

Baba yako Mkubwa


29 Machi

Shikamoo Baba Mkubwa,

Barua yako ilichelewa kunifikia. Mlinzi wa geti aliitia kwenye mfuko wa koti, halafu jua likawaka, koti likabaki nyumbani kwake. Nimeipata leo ina mikunjo kama uso wa mlinzi mwenyewe.

Mimi sijambo. Mikono imepona. Kazi ni ileile: mashuka ya hospitali yanakuja machafu, yanarudi meupe, kesho yanakuja tena. Wenzangu wameniita "Mhandisi" kwa sababu nakunja kona hadi zilingane. Sikuwaambia nilijifunzia wapi kupenda kona.

Umesema kifaa kiko kwako. Sawa. Sijui unataka nikujibu nini. Nilijua kwamba watu huficha vitu vya marehemu. Mimi nina shati lake la kazi, lile lenye doa la mafuta ya saa, na sijamwambia mama. Ukitaka kulia na kifaa chako, lia nacho. Mimi nalia na shati.

Lakini usinifungulie habari ile, nakuomba. Niliimaliza. Nilificha kopo la chai kwenye tangi la maji la zamani, nikasimama pale nikasoma mahali kwa simu yangu, nikaziweka namba kwenye programu ili wenzetu wa mchezo wa kusaka makopo yaliyofichwa walitafute. Baba akatoka asubuhi, peke yake, apate kuwa wa kwanza kuandika jina kwenye karatasi iliyomo ndani. Wakamkuta ameanguka chini kwenye machimbo ya mawe, mbali kabisa na tangi. Namba zilikuwa zangu. Nilizifuta siku ileile kwa hofu, kabla hata sijazisoma upya, na mpaka leo sijui nilikosea tarakimu ipi. Nikifumba macho naziona zote zikipishana.

Mama aliuliza mbele ya ndugu wote, "Nani aliyempeleka mume wangu kule?" Nikasema ni mimi. Wewe ulikuwa umekaa karibu na dirisha, Baba Mkubwa, unaangalia viatu vyako.

Watu waliambiwa niliacha chuo kwa sababu hesabu zilinishinda. Wewe unajua hazikunishinda. Mtu asiyeweza kuandika mstari mmoja wa namba hana haki ya kushika ramani za watu.

Msalimie mkwe wako. Mwambie kalamu haiui.

Nyenyere


17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nilikuwa hospitali, ndiyo maana nimechelewa. Walinitundikia dripu, wakanirudisha. Mashuka ya kule yalikuwa na kona zilizopinda, nikakukumbuka.

Hapa nyumbani wote wazima. Mkwe amenihamishia kitanda dirishani niwe naona barabara. Fundi wa magari wa jirani, ambaye kelele zake hata mimi nazisikia, anashinda akiita wateja "bosi", wale wasiomjali anawaita "kiongozi". Ndiyo burudani yangu.

Umeniomba nisifungue habari ile. Siwezi kukutii. Mimi ndiye niliyeifunga, tena nilikufungia wewe ndani.

Namba zako zilikuwa sahihi.

Soma taratibu. Unakumbuka tulivyokuwa tukitembea wakati ule? Wewe mbele na simu, mimi nyuma na kifaa changu cha mkononi. Ulikuwa ukininadia faida za programu kama mchuuzi: picha ya ramani, maoni ya waliotangulia, vidokezo vya pale kopo lilipo. Nami nilikuwa nakujibu kwamba simu inakufikisha mtaani tu. Ukiingia chini ya miti, betri ikianza kulia na mshale ukianza kuyumba, ndipo utamtafuta mzee mwenye kifaa cha mpira kisichoogopa mvua. Na mara nyingi nilishinda. Kwa hiyo nikazoea kushinda.

Sasa sikiliza. Kifaa kile kinaweza kusoma namba kwa njia mbili. Kinaweza kufuata setilaiti, kama inavyofanya simu yako. Au kinaweza kufuata ramani za zamani, zile nilizopimia tangu ujana wangu, ambazo zilianzia nukta nyingine kabisa. Mtu akiingiza namba zilezile kwa njia hizi mbili, hapati mahali pamoja. Hapa kwetu panapishana urefu wa viwanja viwili vya mpira, pengine zaidi.

Wiki ile nilikuwa nimekigeuza kisome kwa ramani za zamani. Nilikuwa nazunguka kutafuta mawe ya mipaka niliyoyapanda nikiwa kijana, kwa kujifurahisha tu, nione yapi bado yapo. Sikukirudisha. Baba yako akaja kukiazima. Nikakichukua, nikaingiza namba zako kwa vidole vyangu, nikamvisha kamba shingoni kama mtu anayempa mwenzake medali.

Siku ile nilifika machimboni pamoja na waliomtoa. Kifaa kilikuwa kimenasa kwenye kichaka ukingoni juu, kamba imekatika. Nikakiwasha. Alama ya ramani za zamani ilikuwa pale pale kwenye kona ya kioo. Nikakizima, nikakitia mfukoni, nikawaambia watu hakionekani.

Wiki hii nimekitoa kwenye soksi, nikakitia betri mpya, nikakigeuza kisome kama simu yako. Namba zako bado zimo. Mshale ulielekea kwenye tangi, haukutetereka. Hukukosea hata tarakimu moja, mwanangu. Miaka sita umebeba mzigo wenye jina langu.

Baba yako Mkubwa


20 Mei

Shikamoo Baba Mkubwa,

Naamini umeamka salama. Hapa mashine moja ya kukaushia imekufa, tunaanika juani kama zamani. Msimamizi anatembea akisema, "Jua halina foleni," na hakuna anayecheka.

Barua yako niliisomea kwenye chumba cha pasi kwa sababu pale mtu akitokwa na maji usoni haulizwi. Halafu niliiweka. Nilikuandikia mara nyingi nikachana. Katika moja nilikuita jina ambalo siwezi kulirudia; ni afadhali nililichana.

Nimefikia hapa. Kusahau kukirudisha kifaa nimekusamehe. Kila anayeshika chombo anaweza kusahau. Hata baba aliwahi kumrudishia mteja saa bila mshale wa dakika, na mteja akaondoka akishukuru. Lakini kunyamaza sijui, Baba Mkubwa. Uliniona nikisimama mbele ya mama yangu. Uliniona nikipanda basi. Bado sijapata pa kuliweka hilo, usinikimbize.

Sasa kuna jambo linanisumbua, na nakuuliza kwa heshima zote.

Baba hakuwa na kifaa chako peke yake. Alikuwa na simu, ile iliyovunjikia naye machimboni, na programu nilimwekea mimi mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kibanda chake cha saa, kioo cha kukuzia kikiwa bado jichoni, ananiambia, "Andika maandishi makubwa, mimi si kijana." Kama ulivyonieleza, simu ilikuwa inamwonyesha tangi na kifaa chako kinamwonyesha machimbo. Basi alikuwa amesimama njiani na mishale miwili, mmoja huku, mmoja kule.

Wewe unamjua kuliko mimi, ni mdogo wako. Saa mbili zikitofautiana, baba hakuwahi kuchagua moja kwa kubahatisha. Alikuwa anazima redio, anatoka nje, anamuuliza mtu. Wapita njia walikuwa wakimtania: "Fundi saa mzima unauliza saa!" Naye anawajibu, "Ndiyo maana mimi ni fundi."

Alimuuliza nani siku ile?

Ulituambia simu yako ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Je, alikupigia?

Nyenyere


11 Juni

Mwanangu Nyenyere,

Marahaba, mwanangu, marahaba sana. Nafurahi kwamba jua linawasaidia huko. Hapa kumepoa kidogo na mkwe ameniongezea blanketi, ingawa analikunja vibaya na nimemwambia kuna mtaalamu wa kukunja katika familia. Akajibu, "Basi aje akunje." Nadhani alikuwa na maana yake.

Nina habari kubwa. Nilimwita mama yako. Nilimweleza habari ya kifaa yote kama nilivyokueleza wewe, bila kupunguza. Mkwe alikuwa akirudia maneno yangu pale sauti iliponikatika. Mama yako alikataa kiti. Alisikiliza amesimama, mkoba begani, kama mtu aliyepitia mara moja. Nilipomaliza nilimsogelea karibu nimsome midomo, maana alisema kwa sauti ndogo: "Shemeji, nilipoteza mume. Mtoto ulinipotezea wewe." Kisha akasema, "Uguza moyo wako," akatoka. Hakubamiza mlango. Ningependelea angeubamiza.

Ila alirudi baada ya siku chache kuuliza namba yako ya simu, akidai ya zamani imefutika. Mkwe alimwandikia kwa maandishi makubwa. Kwa hiyo usishangae.

Chuoni nako nimeandika. Mkuu wa idara ya upimaji sasa ni kijana niliyemfundisha kushika nguzo ya kupimia. Alikuwa anaishika kama mwiko. Amejibu kwamba wanaorudi baada ya miaka mingi hupokelewa wakifanya mtihani mdogo. Fikiria.

Kuhusu lile swali lako, simu yangu siku ile ilikuwa kwenye chaji chumbani, nami nilikuwa sebuleni. Unajua masikio yangu.

Kifaa nakutumia kwa gari la vifurushi. Kisome mwenyewe, usiniamini mimi tu.

Baba yako Mkubwa


2 Julai

Shikamoo Baba Mkubwa,

Mama amenipigia. Mwanzo tuliongea habari za mvua, kama watu wanaongojea kwenye foleni moja. Kisha akaniuliza kama bado napenda kulala upande wa ukutani. Nikamwambia ndiyo. Akasema godoro la upande ule amelianika. Hatukusema lingine, na nilikaa chini sakafuni, simu imeshakatika, mpaka wenzangu wakanipigia kelele kwamba mashuka yanaungua.

Kifaa kimefika. Nilikipeleka uwanja wa nyuma ya hospitali, nikakishika mkono mmoja na simu mkono mwingine, nikakigeuza huku na huku. Ni kweli yote uliyosema.

Nimeomba likizo. Nakuja mwezi ujao. Nitalala kwa mama, na mchana nitakuja kukaa nawe, nitakukunjia hilo blanketi.

Lakini Baba Mkubwa, miaka sita iliyopita simu yako ilikuwa imezimwa. Sasa iko kwenye chaji. Na wakati ule masikio yako yalikuwa mazima. Ulikuwa unanisikia nikifungua biskuti chumba cha pili.

Kabla sijaja nataka kumjua mtu ninayekuja kumuuguza. Alikupigia?

Nyenyere


19 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Hapa wazima, isipokuwa mimi. Mkwe ameniambia nimtajie maneno aandike yeye. Nimekataa, kwa hiyo vumilia mwandiko. Kama gari la barua likichelewa, huenda ukaisoma hii baada ya kufika, na mimi huenda nikawa sipo wa kuulizwa. Ndiyo maana naiandika yote.

Nilitaka ubaki na mzee msahaulifu. Nilijua msahaulifu utamsamehe, na barua yako ya Mei ikathibitisha. Niliisoma sehemu ile mara nyingi kuliko nyingine zote. Kila nilipoisoma nilikuwa nakuibia tena.

Alinipigia.

Nilikuwa nimekaa meza ya chakula, ramani za zamani nimezitandaza mbele yangu, nikiendelea na mawe yangu ya mipaka. Simu ilikuwa mezani, wala haikuzimwa, wala haikuwa kwenye chaji. Nikapokea.

"Kaka," akasema, anahema kwa kupanda kilima, "mishale yako inagombana huku."

"Inagombana vipi?"

"Simu inanivuta kulia, naliona hata tangi kwa mbali. Hiki kidude chako kinanishusha kushoto, kwenye vichaka. Nimesimama hapa katikati kama mume wa wake wawili."

Nikacheka. Naye akacheka. Akasema, "Sasa wewe mwenye vyeti ukutani, niambie. Nimfuate nani?"

"Umeingia porini na simu ya kupigia picha," nikamwambia, "halafu unaniuliza?"

"Si simu tu. Mtoto alisema kopo liko karibu na maji. Na tangi lile pale."

Hapo ndipo ningeweza kufikiri. Alishanipa jibu mkononi, amelimenya kabisa. Lakini nilisikia jambo moja tu: kwamba wewe, niliyekufundisha tofauti ya kaskazini na juu ya karatasi, unatajwa kama shahidi dhidi yangu. Nikamwambia, "Mtoto bado anajifunza. Achana na simu, fuata cha kwangu."

Nilimsikia akigonga kioo cha kifaa kwa kucha, kama alivyokuwa akigonga saa kabla ya kufunga mfuniko. Kisha akasema, "Haya, kaka. Mkubwa ni mkubwa." Akakata.

Kama ningekuwa nimeishia hapo, mwanangu, ningekwambia ni kiburi, na kiburi kina dawa yake, ungenisema, ningetubu, ungekunja blanketi. Nilikaa miaka sita nikijisimulia kwamba niliishia hapo. Hata usiku wa kuamkia leo nilijaribu kuiandika barua hii ikomee kwenye neno lake la mwisho.

Lakini simu ilipokatika niliinamia meza kuendelea na kazi. Ile ramani ilikuwa mbele ya macho yangu, na pembeni mwake yapo maandishi madogo yanayosema imepimwa kwa kufuata nukta ipi. Niliyasoma, kwa mazoea tu, kama mtu anavyosoma jina la duka analopita kila siku. Nikakumbuka nilivyokigeuza kifaa. Nikajua palepale kwamba kulia ndiko, kwamba simu iko sahihi na wewe uko sahihi, na kwamba mdogo wangu anashuka kushoto kwa neno langu.

Machimbo sikuyafikiria. Nayajua, nimewahi kuyapima, lakini asubuhi ile sikuyafikiria; hilo ni kweli na halinisaidii kitu. Nilifikiri atahangaika vichakani, atachanika suruali, atarudi kwangu ananicheka. Nilikuwa nikitafuta namna ya kukigeuza kifaa kimyakimya akinirudishia, ili ionekane aliyekosea ni wewe.

Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema, "Rudi, fuata simu ya mtoto." Alikuwa bado anatembea. Simu ilikuwa mkononi mwangu, bado ina joto la sikio. Nilikuwa nimeshakumbuka, na sikumpigia.